Kinanda cha Tarumbeta si cha Mjerumani

Najua nimepotea kidogo humu, si mnajua tena wiki za testi zinavyokuwa. Leo semina ya mchana imeahirishwa, maji hakuna, kompyuta ya chumba cha jirani iko huru, nikasema ngoja nimalize deni. Kuna jambo nimekuwa nikiwasimulia vipande vipande kwenye foleni ya kafeteria, kila mtu kapata kipande chake. Leo naliandika lote.

Nianze hivi. Ukipita kwetu milimani, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, chuma chochote cha zamani kina mwenyewe, na mwenyewe ni Mjerumani. Kengele iliyopasuka: ya Mjerumani. Pasi ya mkaa: ya Mjerumani. Kuna watu kabisa wanazunguka vijijini na pikipiki wakiuliza "vitu vya Mjerumani", na wenye navyo wanavitoa uvunguni wakitegemea mamilioni. Wasipopewa mamilioni, anapita kijana wa vyuma chakavu na mizani yake, kitu kinakwenda kwa kilo. Historia yetu nyingi imeondoka kwa njia hiyo, jamani. Kwa kilo!

Kati ya vitu hivyo vipo vile vinanda vya tarumbeta. Naongelea ile mashine ya kupiga santuri, sanduku la mbao lenye hendeli ubavuni na tarumbeta kubwa juu lililofunguka kama ua la boga. Wazee wengine wanaiita kinanda, wengine gramafoni, wengine santuri tu, mashine na sahani zake vyote jina moja. Na sisi nyumbani ipo, au tuseme mabaki yake yapo. Swali langu lilikuwa dogo tu: ni ya lini? Manake ukijua ya lini, utajua iliingiaje Buha. Na ukijua iliingiaje, utajua ilikuwa ya nani.

Nimesoma, nimepekua, nimeishika mikononi. Haya ndiyo niliyojifunza, nayaweka kwa mpangilio ili na wewe ukienda likizo ugeuze geuze cha kwenu.

KWANZA: NI SILINDA AU NI SAHANI?

Watu tunachanganya fonografu na gramafoni. Fonografu ni ya Edison, aliitengeneza Marekani mwaka 1877. Mwanzoni ilitumia karatasi ya bati, baadaye silinda za nta, yaani kitu kama kopo dogo lililo wazi pande zote mbili. Sisi wa Kibondo tukisikia nta tunafikiria nyuki, lakini zile silinda zilizouzwa madukani zilikuwa zaidi ya aina ya sabuni ngumu kuliko nta ya mzinga. Gramafoni ni ya Emile Berliner, aliyeiombea hataza mwaka 1887, nayo inatumia sahani bapa. Kwa hiyo usiangalie tarumbeta, zote mbili zinalo. Angalia panapokaa muziki. Kama kuna mhimili wa kuchomeka kopo, hiyo ni fonografu. Kama kuna sinia la kuzunguka lenye msumari katikati, hiyo ni gramafoni.

Ukikutana na fonografu ya Edison una bahati, kwa sababu imebandikwa kibati chenye orodha ya tarehe za hataza. Kanuni ni rahisi: mashine haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko tarehe ya mwisho kwenye orodha hiyo. Tena silinda za mwanzo zilicheza dakika mbili tu. Zile za dakika nne zilikuja mwaka 1908, na zile ngumu za rangi ya buluu mwaka 1912. Edison aliacha kabisa biashara hiyo mwaka 1929.

Fonografu ilikuwa na jambo moja ambalo gramafoni ya dukani haikuwa nalo: iliweza kurekodi. Ndiyo maana wazungu wa utafiti waliibeba. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alizunguka nayo kusini, Lindi, Masasi na Newala, akiwaimbisha watu mbele ya tarumbeta. Silinda za namna hiyo zilihifadhiwa kwenye hazina ya sauti ya Berlin iliyoanzishwa mwaka 1900, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Kwa hiyo ni kweli, Mjerumani alikuja na tarumbeta nchi hii. Hilo silibishi. Lakini alikuja kuchukua sauti na kuondoka nazo. Hakuja kuziacha uvunguni mwa kitanda cha bibi yangu.

PILI: TARUMBETA LIMESHIKILIWA NA NINI?

Hapa sasa tuko kwenye gramafoni. Zile za mwanzo kabisa, tarumbeta lilifungwa moja kwa moja kwenye kile kichwa kinachoshika sindano. Yaani sahani ilikuwa inabeba uzito wa tarumbeta zima, ndiyo maana matarumbeta yenyewe yalikuwa madogo. Kuanzia mwaka 1903 hivi ukaja mkono wa bomba, mwembamba mbele na mpana nyuma. Tarumbeta likahamia nyuma ya sanduku, likakaa kwenye kishikio chake, na kwa kuwa sahani haikulibeba tena likaweza kukua. Lile ua kubwa tunalolijua kwenye picha ni mtoto wa mabadiliko hayo.

Kisha tarumbeta likaanza kujificha. Kampuni ya Victor ya Marekani ililiingiza ndani ya kabati mwaka 1906. Mwaka 1925 kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile ya His Master's Voice, ikatoa namba 101, gramafoni ya mkoba inayofungwa kama sanduku la safari. Huko Ulaya tarumbeta la nje likaonekana ushamba. Lakini angalia hapa: kuonekana ushamba London hakumaanishi kufa duniani. Masoko ya mbali yaliendelea kupelekewa mashine za tarumbeta baada ya Ulaya kuzichoka. Kwa hiyo yule anayekwambia "ina tarumbeta, basi ni ya kabla ya Vita ya Kwanza" amerukia gari kwa mbele.

TATU: MALAIKA AU MBWA?

Kampuni ya Gramophone ilianzishwa London mwaka 1898. Alama yake ya kwanza ilikuwa malaika aliyeketi akiandika kwenye sahani kwa unyoya. Picha ya yule mbwa, Nipper, iliyochorwa na Francis Barraud, waliinunua mwaka 1899, lakini kwenye lebo za sahani zao mbwa alianza kukaa mwaka 1909. Kwa hiyo sahani ya malaika ni ya zamani kuliko ya mbwa. Ukiona jina EMI popote, ujue ni baada ya 1931, mwaka kampuni hiyo ilipoungana na Columbia ya Uingereza.

NNE: KICHWA CHA SINDANO

Kile kichwa cha duara kina kiwambo ndani kinachotetemeka. Kama kiwambo ni ulanga, lile jiwe la kung'aa linalobanduka kama karatasi, basi ni cha mtindo wa zamani. Kama ni bati jembamba la alumini, basi ni cha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Vichwa vya HMV vina namba mgongoni. Namba 4 ilitoka mwaka 1925 ikiwa bado na ulanga, na namba 5 zikafuata na alumini. Ila tahadhari: kichwa cha sindano ni kama tairi ya baiskeli, kinabadilishwa. Peke yake hakitoshi kuwa shahidi.

TANO: SAHANI ZENYEWE

Sahani za zamani hizo ni nzito na zinavunjika kama kigae, kwa sababu zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wa India, uliochanganywa na unga wa mawe. Sahani yenye wimbo upande mmoja tu kwa kawaida ni ya zamani zaidi. Odeon ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuuza za pande mbili mwaka 1904, wengine wakafuata polepole.

Sasa siri tamu kuliko zote. Kwenye sahani ya HMV, angalia ile sehemu laini karibu na lebo, palipochongwa namba. Ukiona pembetatu ndogo karibu na namba, wimbo ulirekodiwa kwa umeme, kwa maikrofoni, kati ya 1925 na 1931 hivi. Ukiona mraba, ni baada ya hapo, EMI walipoanza kutumia mtambo wao wenyewe uliobuniwa na Alan Blumlein. Kabla ya 1925 hawakurekodi kwa maikrofoni, mwimbaji alipaza sauti ndani ya tarumbeta mpaka mishipa inamsimama.

Na ndani ya miaka hiyo ya pembetatu ndipo Kiswahili kilipoingia sokoni kwa kishindo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa HMV. Columbia na Odeon nao hawakukubali kuachwa nyuma. Fikiria mtu wa Tanga au Dar es Salaam wakati huo: kwa mara ya kwanza sanduku linatoa maneno anayoyaelewa. Kabla ya hapo kinanda kilikuwa cha kusikiliza bendi za wazungu na nyimbo za Kiarabu na Kihindi. Baada ya hapo kibarua naye akawa na sababu ya kutamani kukinunua.

Ila usitumie sahani kupima umri wa mashine. Sahani inakwambia mashine ilikuwa bado inapigwa, basi. Mwaka 1948 Mgiriki mmoja, Jeronimidis, alianzisha lebo ya Ngoma kule Léopoldville, na sahani zake zilienea mpaka Afrika Mashariki. Ukikuta sahani ya Ngoma juu ya mashine ya miaka ya 1920, hujakuta utata, umekuta familia iliyopenda muziki miaka ishirini.

SITA: SKRUBU

Hili ni la kuwakwepa matapeli. India kwa miaka mingi wamekuwa wakiunda gramafoni mpya za kuuzia watalii: tarumbeta la shaba linalong'aa kama sufuria mpya, sanduku la pembe nane, na kibati kikubwa cha mbwa. Geuza sanduku chini. Ukikuta skrubu za bisibisi ya nyota, cheka halafu ondoka. Skrubu hizo Henry Phillips alizipatia hataza mwaka 1936. Mashine ya mwaka 1910 ingezipata wapi? Na shingo ya tarumbeta la kweli ni nyembamba na imeungwa kwa ustadi. La bandia linakuwa na kiwiko kinene kama bomba la maji machafu.

SASA YA KWETU

Ya kwetu iko Kibondo, upande wa Muhambwe. Limebaki sanduku lisilo na springi, tarumbeta la bati lililopakwa rangi nyeusi (kwa miaka mingi limefunikia vifaranga, msicheke), kichwa kimoja cha sindano na sahani nne, mbili zimepasuka. Ilikuwa ya baba yake babu. Hadithi ya ukoo inasema Mjerumani mmoja wa Ujiji alipokimbia vita aliitupa njiani, mzee akaiokota. Hadithi tamu, ina vita, ina bahati. Baba mdogo ndiye anaipenda zaidi, kwa sababu kuna mnunuzi wa pikipiki amemwahidi bei nzuri "kama ni ya Mjerumani kweli".

Tuiweke kwenye mizani. Mjerumani aliondoka Kigoma Julai 1916, Wabelgiji walipoingia. Watu wengi tunasahau hili: Buha ilikaa chini ya Mbelgiji mpaka 1921, ndipo Mwingereza akakabidhiwa. Kwa hiyo ili hadithi iwe kweli, mashine lazima iwe imetengenezwa kabla ya 1916.

Shahidi wa kwanza ni kichwa cha sindano. Mgongoni kimeandikwa namba 4, yaani 1925 au baadaye. Haya, nimeshasema ni kama tairi, huenda kilibadilishwa. Shahidi wa pili ni sahani: mojawapo ina mbwa kwenye lebo na pembetatu karibu na namba, na kilichobaki kusomeka ni maneno ya Kiswahili. Hiyo ni 1928 au muda mfupi baadaye. Haya, nimeshasema sahani si umri wa mashine.

Shahidi wa tatu nilimpata baada ya kufuta vumbi na mafuta ya taa. Pembeni ya sanduku, ndani ya kifuniko, kuna kibati kidogo cha duka lililoiuza. Jina la duka limekwanguka, yamebaki maneno haya: TANGA, T.T.

T.T., wadau! Tanganyika Territory. Jina hilo Mwingereza alilitoa mwaka 1920. Enzi ya Mjerumani hakuna duka ambalo lingeandika T.T., nchi ilikuwa Deutsch-Ostafrika. Na kibati cha duka hakibadilishwi kama tairi. Nani ahangaike kubadilisha kibati? Mashahidi watatu, kila mmoja kivyake ana udhaifu, lakini wote wanaelekeza kidole upande mmoja: mashine ilinunuliwa Tanga, dukani, mwishoni mwa miaka ya 1920 au miaka ya 1930.

Na Mha wa Muhambwe alikuwa anafanya nini Tanga miaka hiyo? Jibu mnalijua hata bila kudesa. Mkonge. Buha ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa vibarua wengi wa mashamba ya mkonge. Walioandikishwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu mtu aligeuzwa namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambazo ulitakiwa uzimalize ndani ya siku 42. Usipomaliza hesabu, hupati mshahara wa kadi hiyo.

Safari nayo si mchezo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikuunganishwa na reli ya Tanga mpaka 1963. Kwa hiyo mtu wetu alitembea kutoka Muhambwe mpaka kwenye reli, akapanda treni hadi upande wa Morogoro, kisha akakata nchi kuelekea Korogwe kwa miguu au kwa lori la mwajiri. Kurudi ni njia ileile, sasa ana sanduku kichwani na tarumbeta mgongoni. Nikilifikiria hilo tarumbeta linavyopita porini, nashindwa hata kuendelea kuandika vizuri.

Sasa kwa nini ukoo ulimpa Mjerumani kitu ambacho mzee alikitolea jasho? Hili ni wazo langu, mnaweza kulipinga. Nadhani ni aibu. Kuitwa manamba lilikuwa tusi, na Waha tumetaniwa kwa jina hilo hadi mijini. Mtu aliyerudi kutoka mkongeni hakupenda kusimulia. Watoto wakaona kitu cha thamani ndani ya nyumba ya udongo, wakakosa maelezo, wakaazima hadithi iliyokuwepo tayari: kitu kizuri lazima kimetoka kwa mzungu aliyekimbia. Ndivyo tunavyonyang'anywa mara mbili. Kwanza nguvu zake shambani, halafu hata alichonunua kwa nguvu hizo.

Niliporudi Krismasi iliyopita nilimweleza bibi. Mzee alikuwa baba mkwe wake, aliwahi kukaa naye miaka kadhaa. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage, kisha akasema, "Basi ndiyo maana. Siku za sherehe alikuwa anaitoa mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuitia ufunguo. Hata mume wangu alikatazwa." Halafu akanyamaza. Baadaye nikamsikia anamwambia jirani kwamba mkwe wake alinunua kinanda Tanga. Alinunua. Hakuokota.

Baba mdogo hajafurahi. Anasema elimu yangu ya chuo imemshushia bei, na sijui kama anatania. Mnunuzi bado anapiga simu. Kikao cha ukoo kitakaa mwezi wa sita, wapo wanaotaka iuzwe, wapo wanaotaka ipelekwe makumbusho ya Ujiji, bibi anataka ibaki hapohapo ilipo. Mimi kura yangu ni ya bibi, ila nimeomba jambo moja lifanyike kabla ya yote: kibati kipigwe picha na hadithi iandikwe upya, na jina la mzee liwe juu yake.

Kwa hiyo wadau, mkienda makwenu likizo hii, Kasulu, Kakonko, Buhigwe au popote, ulizia kama kuna kinanda. Geuza sanduku chini, tafuta kibati, soma namba kwenye sahani. Usisugue kwa msasa, futa taratibu kwa kitambaa. Na muulize bibi kabla hujamuuliza mnunuzi.

Naishia hapa, nasikia ndoo zinagongana huko koridoni, maji yamerudi. Tuko pamoja.